Tiba ya Nyuklia na Mwombaji wa Chuo kutoka Singida

Nyuklia ikitajwa Singida, wengi hukumbuka urani iliyotafutwa Manyoni. Mhitimu wa kidato cha sita aliyefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia anaweza kuifikiria kwa namna nyingine kabisa: kama kazi ya hospitalini. Makala haya yanashikilia kwamba aanzie kwenye radiografia, yaani upigaji picha kwa eksirei, asikimbilie shahada inayobeba jina la tiba ya nyuklia, yaani vipimo na matibabu kwa dawa zenye mionzi. Sababu kubwa imo ndani ya atomu yenyewe.

Tekneti-99m, atomu ya mionzi inayotumika kuliko zote katika vipimo vya fani hii, hupungua kwa nusu kila saa 6. Ikipakiwa Dar es Salaam na kukaa barabarani saa 12, hufika Singida imebaki robo. Florini-18 ya kipimo cha PET ina nusu-uhai (muda wa kupungua kwa nusu) wa dakika 110; kwa safari hiyo hiyo ingebaki takriban asilimia 1. Ndiyo maana PET ya florini haiwezi kukaa mbali na saiklotroni, mashine inayoizalisha, na wataalamu wake huishia miji mikubwa. Nchini, tiba ya nyuklia imejengeka zaidi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Hospitali ya Bugando, Mwanza. Mtoto wa Kiomboi au Itigi anayeisomea ajue mapema kwamba huenda asipangiwe kazi nyumbani.

Basi kozi haina faida kwa mkoa? La hasha.

Kinachosafirishwa mbali si tekneti bali mzazi wake, molibdeni-99, mwenye nusu-uhai wa saa 66, akiwa ndani ya jenereta iliyozungushiwa risasi. Afrika Kusini humzalisha katika kinu cha SAFARI-1, Pelindaba. Baada ya saa 12 za safari bado ipo asilimia 88 hivi. Asubuhi mtaalamu huweka chupa isiyo na hewa, nayo huvuta maji ya chumvi kupitia jenereta yakitoka na tekneti. Hupima nguvu ya mionzi, huhakikisha molibdeni haikupenya, kisha huvuta dozi kwa bomba la sindano lililovikwa kinga ya metali nzito. Mgonjwa wa kipimo cha mifupa huchomwa sindano, hunywa maji mengi na kusubiri saa 2 hadi 4 ndipo alale chini ya kamera ya gama. Kwa hesabu ya fizikia peke yake, hayo yangewezekana Singida. Lakini yanadai kamera, maabara, kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania (TAEC) na wagonjwa wa kutosha, maana jenereta huchoka ndani ya wiki moja au mbili, itumike isitumike.

Radiografia haidai kamera ya gama wala jenereta. Penye eksirei pana kazi. Chuo cha Muhimbili hufundisha shahada, cha Bugando stashahada, na aliyekwisha kuajiriwa anaweza kujiendeleza kwenye tiba ya nyuklia. Anayeshikilia kuanza nayo moja kwa moja ataipata Afrika Kusini, kwa mfano Chuo Kikuu cha Johannesburg. Huyo aulize kabla ya kulipa ada: mafunzo kwa vitendo ni ya muda gani, na katika hospitali yenye kamera inayofanya kazi? Tuzo hiyo itatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), na baraza la taaluma litamsajili akirudi? Jibu aombe kwa maandishi.