Land Cruiser 1HZ iliyofungwa tabo: namna ya kupanga dizeli bila kuua injini

Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1HZ ni gari linalotegemewa na wafanyabiashara wengi wanaovuka mipaka ya Afrika Mashariki, hasa kule ambako lami inaishia. Injini hiyo ya dizeli, yenye silinda sita na ukubwa wa cc 4,164, ilianza kutengenezwa mwaka 1990 na kiwandani haifungwi tabo. Ikiwa na mzigo mlimani huwa nzito, na ndiyo maana baadhi ya wamiliki huipeleka gereji ifungwe tabo. Gari hubadilika siku hiyo hiyo. Matatizo huja baada ya miezi kadhaa: hedi kupasuka au pistoni kuyeyuka, mara nyingi njiani, mzigo ukiwa nyuma na kibali cha muda cha gari katika nchi ya watu kikiendelea kuhesabu siku.

Lawama hutupiwa tabo, lakini kwa kawaida chanzo ni dizeli. Tabo huingiza hewa tu. Nguvu hutokana na dizeli inayoongezwa ili iungue na hewa hiyo, na katika injini ya dizeli kadiri mafuta yanavyokuwa mengi kulingana na hewa ndivyo joto linavyopanda. Petroli ni kinyume chake: injini ya petroli yenye tabo ikikosa mafuta ya kutosha ndipo inapochemka na kugonga. Fundi aliyejifunza kwenye petroli akisema ataongeza mafuta kidogo ili injini ya dizeli ipoe, mwenye gari na achukue funguo zake aondoke.

Kwa nini 1HZ haivumilii

Mgandamizo wa 1HZ ni zaidi ya 22 kwa 1, na dizeli huanza kuungua ndani ya chumba kidogo kilichomo kwenye hedi. 1HD-T, ndugu yake aliyetoka kiwandani na tabo, ina mgandamizo wa 18.6 kwa 1 na dizeli hupulizwa moja kwa moja juu ya pistoni. Kwa hiyo kinachofaa kwa 1HD-T hakiwezi kuhamishiwa kwenye 1HZ kama kilivyo. Shinikizo la tabo la bar 0.5 linatosha kwa injini iliyo nzima; anayetafuta bar 1 anatafuta injini nyingine.

Pampu ndiyo moyo wa kazi yote. Skurubu ya dizeli iliyo nyuma ya pampu huongeza mafuta katika mwendo wote, hata pale ambapo tabo haijaanza kupuliza. Ndiyo sababu gari lililofunguliwa skurubu hiyo tu hutoa moshi mweusi likianza kuondoka. Njia iliyo salama ni kufunga juu ya pampu kifaa chenye kiwambo cha mpira kinachosukumwa na hewa ya tabo, ili dizeli iongezeke pale tu hewa inapoongezeka. Kazi hii ifanywe na fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Inapobidi kugusa skurubu barabarani, ni sehemu ya nane ya mzunguko kwa mara moja, kisha gari lijaribiwe mlimani likiwa na mzigo.

Kujaribu bila geji ya joto la moshi ni kubahatisha. Kipimo chake kifungwe kwenye manifoldi kabla ya tabo. Kikifungwa baada ya tabo, namba itasomeka chini kwa nyuzi 100 au zaidi na kumdanganya dereva. Kwa 1HZ inayopanda mlima mrefu, nyuzi 650 za Selsiasi ni mpaka wa busara, na 700 ni mahali pa kuachia pedali mara moja. Ukosefu wa moshi mweusi si uthibitisho kwamba joto liko salama.

Urefu wa mlima hubadilisha hesabu

Hapa ndipo wasafirishaji wa masafa marefu huumia bila kujua. Gari lililopangwa Mombasa, usawa wa bahari, likipita maeneo ya Timboroa kuelekea Eldoret na Uganda huwa juu ya mita 2,700, ambako shinikizo la hewa ni karibu asilimia 72 ya lile la pwani. Geji ya tabo bado inaonyesha 0.5 ile ile, kwa sababu inapima kinachozidi hewa ya nje. Lakini jumla ya hewa inayoingia imeshuka kutoka takriban bar 1.5 hadi 1.2, pungufu ya karibu moja ya tano, huku pampu ikitoa dizeli kama ya Mombasa. Gari la njia hiyo lipangwe kwa sehemu ya juu ya safari, hata kama pwani litaonekana limepoa kidogo.

Dereva naye ana sehemu yake. Kushusha gia mapema huongeza mizunguko ya injini na hewa, joto likashuka. Kung'ang'ania gia kubwa na pedali chini ndiko kunakoyeyusha pistoni. Baada ya kupanda, injini iachwe izunguke taratibu dakika mbili kabla ya kuzimwa, ili oili ipoze tabo.

Dizeli yenyewe isisahaulike. Pampu ya 1HZ hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake, na iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huila polepole. Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuzuia mchezo huo. Dizeli ya madumu pembeni ya mpaka ni nafuu siku hiyo tu.

Kwa wanaoendesha gari dogo la petroli lenye tabo kutoka Japani, kama Subaru Forester, onyo ni moja. Kompyuta hukata mafuta pale tabo inapovuka kiwango chake, na gari hushtuka. Kuna vifaa vinavyouzwa ili kuidanganya kompyuta isikate. Visifungwe kamwe: huko ni kuondoa ulinzi wa mwisho, tena kwenye injini ambayo mara nyingi ilipangwa kwa petroli ya Japani ya oktani 100, ilhali petroli ya kawaida ya vituo vya ukanda huu iko chini ya hapo. Anayetaka shinikizo zaidi aanze na pampu ya petroli na nozeli kubwa zaidi, kisha kompyuta ipangwe upya kwa petroli ile ile atakayoitumia safarini.