Mahindi ya Isimani

Isimani, kaskazini ya mji wa Iringa kwenye njia iendayo Dodoma, ilisifika katika miaka ya 1950 kuwa ghala la mahindi. Pori lilifyekwa, matrekta yakaletwa, na zao moja likatanda palipokuwa pakimea miti na majani ya kila namna. Wachache walijitwalia mashamba makubwa. Wengi wakawa vibarua wao, na rutuba ikapungua mwaka hata mwaka. Tarehe 25 Desemba 1971 mkulima Said Mwamwindi alimwua kwa bunduki Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Klerruu, aliyekuwa akisimamia vijiji vya ujamaa. Habari hiyo husimuliwa kama ugomvi wa watu wawili, nami siridhiki. Kule Rungwe, mkoani Mbeya, migomba, kahawa na maharage hukaa shamba moja. Isimani, ujamaa ulibadili wenye mashamba, haukubadili zao: juu ya udongo ule ule uliochoka yakapandwa mahindi tena.