Mwenye Redio na Asiye na Namba

Mwezi uliopita nilikuwa Misungwi kwa shughuli za kifamilia, nikajikuta nimeketi kwenye benchi la ofisi moja ya umma ambayo sina haja ya kuitaja. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja, fimbo mapajani, kofia mkononi. Alikuja kumilikishwa kiwanja anachokikalia tangu mwaka 1974, pale malori ya Operesheni Vijiji yalipoihamisha kaya yao kutoka mahali pa zamani na kuishusha kando ya barabara. Karani, kijana mwenye adabu, alimwamkia, akamwuliza jina, akamwuliza namba ya kitambulisho. Vyote vilikuwapo. Kisha akamwuliza namba ya simu.

"Sina simu, mjukuu wangu."

"Basi hata ya jirani, babu. Mfumo haukubali nikiacha wazi."

Mzee alikaa kimya kidogo. Hatimaye akasema kwamba waliomleta pale na lori hawakumwuliza namba. Watu tuliokuwa kwenye benchi tulicheka. Naye alicheka, lakini nilimwona akiikunjakunja ile kofia kwa vidole kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Ndugu msomaji, mimi nami hutembea na kitochi. Wanafunzi wangu wanakijua na hukicheka hadharani, kwa kuwa tangazo la kuahirishwa kwa kipindi likipitia kwenye kundi lao, mimi ndiye ninayefika darasani peke yangu nikaikuta meza na ubao. Kwa miaka kadhaa nimeuona ugeni huo kuwa aina fulani ya heshima. Siku ile kwenye benchi niliona aibu. Mimi ninao mshahara, ninayo kompyuta ofisini, na nikitaka simu janja jioni hii nitaipata. Ugeni wangu ni wa kujichagulia. Ule wa mzee umetengenezwa, na ningependa kueleza ulivyotengenezwa, kwa kuwa historia yake ina tarehe, na katika tarehe zile wapo watu waliotia saini.

Hapo mwanzo mgeni alikuwa yule mwenye kifaa. Miaka ya 1950 Usukuma ilikuwa nchi ya pamba. Wakulima, wakiwa na akina Paul Bomani mbele yao, walijiundia vyama vya kuuza pamba yao wenyewe, na mwaka 1955 vikaunganishwa chini ya Victoria Federation of Co-operative Unions, ambacho kilikuja kuhesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Fedha ya pamba ilinunua ng'ombe kwanza, kisha baiskeli, kisha bati na cherehani. Redio ilikuja mwisho. Matangazo kutoka Dar es Salaam yalikuwa yameanza mwaka 1951, na mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Tukumbuke kwamba tangu 1954 hadi 1958 TANU ilikuwa imepigwa marufuku katika Jimbo la Ziwa. Kwa hiyo mwenye redio Usukuma katika miaka ile aliweza kuikaribisha sauti ya serikali ya kikoloni sebuleni kwake, ilhali kadi ya chama ilibidi aifiche.

Babu yangu alinunua yake mwaka wa Uhuru. Nimeisikia habari hiyo kutoka kwa bibi mara nyingi kiasi kwamba naiona. Watu walianza kufika magharibi, wakisema "mwadila" mlangoni, na kila mmoja akitafuta mahali pa kukaa: vigoda kwa wazee, ngozi ya ng'ombe kwa wanawake, mchanga kwa watoto. Bibi aliongeza maji ya ugali. Kukataa kumkaribisha mtu lilikuwa jambo lisilowezekana, na kuizima redio kabla wageni hawajaaga lilikuwa tusi. Majirani wawili watatu waliacha kuja kabisa wakasema kwamba mtu aliyenunua sauti ya wazungu kwa bei ya ndama atakuwa na lake jambo. Katika kijiji ambako mafanikio ya ghafla yalihitaji maelezo, maneno ya namna hiyo hayakuwa mzaha.

Na betri zilipokwisha, lawama zilikuwa za babu. Asubuhi alizipanga juani juu ya paa la kibanda cha mbuzi, moja moja, na joto lile liliziongezea pumzi ya jioni moja au mbili. Watu waliokuwa wakipita kwenda kisimani walimwuliza kama zimepona. Niliwahi kumwuliza bibi kama babu alijivunia ile redio. Alifikiri, akasema, "Alichoka."

Sisemi kwamba maisha yale yalikuwa matamu. Nasema jambo dogo zaidi: redio ilimtoa babu katika safu ya wenzake, na kijiji kikamrudisha kwa kuigeuza redio yake kuwa mali ya jioni ya watu wote. Gharama ya kurudishwa aliilipa yeye na bibi. Asiyekuwa na redio hakukosa habari, hakukosa haki, wala hakuna ofisi iliyomwuliza kwa nini hana.

Dola changa iliuelewa utaratibu huo na kuutumia. Radio Tanzania Dar es Salaam ilipokuwa chombo cha serikali mwaka 1965, na viwanda vya ndani vilipoanza kutoa redio na betri, Philips wakiwa Arusha na Matsushita wa Japani wakiwa Dar es Salaam na chapa yao ya National, idadi ya wenye redio iliongezeka lakini bado walikuwa wachache. Serikali haikuwasubiri wengine wanunue. Mwaka 1973 ilizindua kampeni ya Mtu ni Afya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, vijitabu vikagawanywa, na kwa muda wa wiki 12 watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika kusikiliza kipindi, kukijadili, kisha kwenda kuchimba choo, kufyeka vichaka na kuondoa madimbwi. Mama yangu alikuwa katika kundi mojawapo. Anachokumbuka ni mabishano yaliyofuata kipindi, hasa ya wanaume waliokataa kuchangia choo kimoja na wakwe zao, na anayasimulia kwa undani ambao hajawahi kuutumia kwa kipindi chenyewe.

Mpango ule ulikuwa na amri ndani yake, na mwaka uliofuata amri hiyo ilivua ngozi ya kondoo: nyumba zilibomolewa, watu wakapakiwa. Wasomaji wangu wa mrengo wa kushoto huwa hawapendi nikiyataja haya mawili katika aya moja. Lakini ni serikali ile ile, na mzee wa pale ofisini aliyaishi yote mawili. Katika usajili wa kundi la redio aliandikwa kama mtu mwenye masikio.

Kisha ukaja mwaka 1983.

Nilikuwa darasa la sita. Maduka yalikuwa matupu. Sabuni, khanga na dawa ya meno vilikuwa habari za kunong'onezana. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, vita vya Kagera vilikuwa vimekula hazina, na bidhaa zilipita kwa njia za panya, nyingine kwa mitumbwi ya ziwani. Machi mwaka ule ikaanza vita dhidi ya wahujumu uchumi, Waziri Mkuu Edward Sokoine akiwa mstari wa mbele. Walanguzi wa kweli walikamatwa, na wengi wao sijawahi kuwahurumia. Ila msako hauna mizani ya kupimia nani mlanguzi na nani aliyenunua kitu kimoja kwa jasho lake. Watu walitupa mali ziwani na vichakani. Baba mdogo, aliyekuwa akifanya kazi mjini Mwanza, alikuwa na redio kaseti ya spika mbili isiyo na risiti. Usiku mmoja aliileta nyumbani imefungwa kwenye shuka, akaifukia ndani ya kihenge cha mtama.

Ilikaa humo miezi. Sisi watoto tulikatazwa hata kuitaja, na kwa namna ya watoto tuliiimbia nyimbo kimoyomoyo tukipita karibu na kihenge. Baba mdogo alikonda. Aliacha kwenda kilabuni kwa kuogopa ulimi wake mwenyewe, na waliomwona akijitenga wakaanza kuulizana anaficha nini. Ilipofukuliwa, panya walikuwa wamekula waya, na panzi wa mtama walikuwa wamejaa mahali pa kaseti. Hakuitengeneza kamwe. Katika familia yetu huyo ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akitengwa na kifaa kabisa, bila kijiji kumrudisha, na kilichofanya tofauti kati yake na babu kilikuwa sheria iliyopitishwa mwaka ule.

Mwaka 1984 serikali ililegeza, wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa, na katika miaka michache kitu kilichokuwa cha kufukia kikawa cha kuweka dirishani ili kionekane. Televisheni naipita haraka. Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwaka 1973. Bara ilisubiri hadi 1994, na ilipokuja haikuja kwa mkono wa serikali bali kwa vituo binafsi. Misungwi, ambayo ilikatwa kutoka Kwimba ikawa wilaya mwaka 1995, iliijua zaidi kupitia kibanda umiza, ambako kwa shilingi chache ulibanwa kati ya mabega ya watu na kutazama mpira. Hapo tena asiyekuwa nacho alikuwa na mahali pa kwenda.

Simu ya mkononi nayo ilianza hivyohivyo. Kampuni ya kwanza nchini iliingia sokoni mwaka 1994, lakini kwetu simu zilianza kuonekana miaka ya 2000, na mwenye nayo alipanda juu ya jabali kutafuta mtandao. Nayakumbuka majabali yale jioni, kila moja na mtu wake juu, amesimama kama korongo. Simu moja ilihudumia kaya kumi. Ulipiga kwa jirani ukasema "niitie mama, napiga tena baada ya dakika kumi," na mtoto akatumwa mbio. Jirani alikuwa na kazi ile ile ya babu, na uchovu ule ule.

Kilichobadilika ni kwamba simu ikawa mtu. Mwaka 2008 fedha zilianza kutembea ndani yake, na fedha haiitwi kwa mtoto wa kutumwa. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010 ikataka kila laini iwe na jina. Februari 28, 2013, mitambo ya analojia ilizimwa Mwanza, na televisheni isiyo na king'amuzi ikawa sanduku. Juni 16, 2016, simu bandia zilizimwa nchi nzima. Wengi waliozimiwa walikuwa wamenunua walichoweza kukinunua, mnadani, bila kujua bandia ni nini. Januari 20, 2020, ukawa mwisho wa muda wa kusajili laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Shangazi yangu alirudishwa mara tatu. Vidole vyake havikusomeka, kwa sababu jembe limevisugua miaka hamsini.

Kila uamuzi kati ya hizo ulikuwa na sababu, na kwa watumishi wa umma wanaonisoma nakiri kwamba baadhi ya sababu zilikuwa nzuri. Matapeli wapo. Mapato yalikuwa yakivuja. Hoja yangu ni kwamba hakuna mahali niliposikia likiulizwa swali hili: asiye nacho ataenda kwa nani? Mtu mwenye redio alitembelewa. Namba ya siri haitembelewi, na ukimpa jirani ya kwako umempa akiba yako.

Hata msiba umehama. Usukumani, asiyefika msibani anaweza kutozwa faini au kutengwa, na adhabu hiyo ina umri mkubwa kuliko wilaya yetu. Leo taarifa ya msiba, kiasi cha mchango na jina la aliyechanga vinawekwa kwenye kundi la WhatsApp. Mwaka jana mama mmoja mjane wa jirani yetu hakujua kwamba kumezikwa mtaa wa pili, akaonekana siku ya tatu akitoka shambani na jembe begani. Wanawake hawakumsemesha. Aliwaeleza kwamba hakuna aliyemwita, nao wakamjibu kwamba tangazo lilitoka Jumamosi.

Nirudi ofisini. Yule kijana, ambaye simlaumu, aligeuka akauliza benchini kama kuna anayeweza kumsaidia babu namba. Nilitoa kitochi changu. Aliiandika namba yangu mahali pa namba ya mzee, na kwenye mfumo sasa mimi ndiye mzee wa kiwanja kile. Alimweleza kwamba namba ya kumbukumbu ya malipo itatumwa, na baada ya hapo ujumbe mwingine, na mwingine. Mzee aliniuliza ninakaa wapi. Nikamwambia ninafundisha mbali, ila mama yangu yuko karibu na njia ya kwenda Usagara.

"Basi nitakuwa nakwenda kwa mama yako," akasema.

Tangu siku hiyo amekwenda mara nne. Mama humpikia uji, hunipigia kwa simu ya mpwa wangu, na mimi huwasomea. Ujumbe wa malipo ulifika Jumanne saa tano usiku. Muda wake wa kulipia ni siku saba, na mzee huja Jumatano baada ya mnada.