Kuwia

Kabla jeneza halijaelekea makaburi ya Kikowani, mtu wa nyumba ya marehemu husimama: "Aliyekuwa akimdai, anione mimi. Aliyekosewa, amuwie radhi."

Hapa Mji wa Kale, Mombasa, hapana asiyeyajua maneno hayo. Kuwia ni kuwa kwa mtu. Niwie radhi, yaani uwe radhi nami. Lakini kuwia ni kudai pia: nakuwia shilingi mia, mimi mwia, wewe mwiwa. Kitenzi kimoja chabeba deni na msamaha wake! Hitima twasoma, na ni jambo jema. Ila sijaona heshima kwa mzee iliyonigusa kama ya kijana mmoja wa Kibokoni, aliyesogelewa na muuza samaki baada ya maziko ya mzee wake, akatoa daftari, akaandika: "Mia nne. Ijumaa, inshallah."