Kipokezi cha ndege ndogo: kinasikia wapi, na wapi kinanyamaza



Wengi wetu tunaijua ndege ndogo kwa kuisubiri. Tunakaa kando ya kiwanja cha majani, mgonjwa amelala juu ya kipoyi, tunategea mlio kutoka upande wa milima. Halafu ujumbe unaingia kwenye simu: rubani amegeuka kwa sababu ya mawingu. Kwa hiyo rafiki wa kanisa aliye Marekani anapouliza atume msaada gani kwa ajili ya ndege, jibu hutoka upesi: kile kifaa kidogo kinachomwonyesha rubani mvua na ndege nyingine kwenye tableti. Kifaa hicho ni kizuri. Lakini nusu ya kazi yake inategemea minara iliyoko Marekani, na inafaa kujua ni nusu ipi kabla sadaka ya watu haijaenda dukani.

Kinavyofanya kazi

Msingi wake ni utaratibu uitwao ADS-B. Zamani kituo cha ardhini ndicho kilichoitafuta ndege kwa rada. Katika ADS-B ndege inajitangaza yenyewe. Inajua mahali ilipo kwa GPS, halafu karibu kila sekunde inatoa kwa redio utambulisho wake, mahali ilipo, kimo chake na mwendo wake. Mwenye kipokezi akiwa karibu anaisikia moja kwa moja, bila kupitia kituo chochote. Nchini Marekani, tangu tarehe 1 Januari 2020, sheria inadai ndege ziwe na chombo cha kujitangaza hivyo katika maeneo mengi ya anga yanayosimamiwa, hasa karibu na viwanja vikubwa na juu ya futi 10,000.

Kipokezi cha kubebeka hakijitangazi. Kinasikiliza tu, kisha kinatuma kilichosikia kwenye tableti au simu kwa njia ya Wi-Fi au Bluetooth yake chenyewe. Hakihitaji intaneti wala kadi ya simu. Watu wengi wanachanganya jambo hilo: wakiona Wi-Fi wanadhani kuna megabaiti za kununua.

Kuna masafa mawili. La kwanza ni megahazi 1090, linalotumika duniani kote, nalo ndilo la ndege za abiria na za mizigo. La pili ni megahazi 978, linalotumika Marekani kwa ndege zinazoruka chini ya futi 18,000. Habari za hali ya hewa zimewekwa kwenye hilo la pili. Minara ya ardhini nchini humo inatangaza bure picha za rada za mvua, taarifa za viwanja, utabiri, upepo wa juu na makatazo ya muda ya kuruka. Rubani hulipii chochote akisha kununua kipokezi. Ila mawimbi hayo hayapiti mlima wala hayafuati mviringo wa dunia, kwa hiyo ndege iliyo ardhini mara nyingi haipati kitu mpaka ipande.

Kuna pia njia ya setelaiti, ile ya kampuni ya SiriusXM, ambayo inalipiwa kila mwezi. Faida yake ni kwamba rubani anapata picha hata akiwa bado ardhini. Mipaka yake ni Amerika ya Kaskazini.

Picha ya mvua ina umri

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wamekufa.

Picha ya rada inayofika kwenye tableti si dirisha. Imekusanywa kutoka rada nyingi, ikaunganishwa, ikatumwa kwenye minara, ndipo ikatangazwa. Saa ndogo inayoandikwa pembeni yake huhesabu tangu picha ilipounganishwa, si tangu rada ilipoiona mvua yenyewe. Mwaka 2012 bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, NTSB, ilitoa onyo kwa marubani kuhusu jambo hili baada ya ajali: umri wa kweli wa picha unaweza kuzidi ule ulioandikwa kwa dakika 15 hadi 20. Fanya hesabu. Dhoruba inayokwenda kilomita 55 kwa saa inasogea kilomita 18 hivi katika dakika 20. Rubani anayeona nafasi nyeusi kati ya madoa mawili mekundu, akasema nitapita hapo, huenda anaingia mahali ambapo dhoruba imekwisha kufika.

Ndiyo sababu wakufunzi wanasema picha hiyo ni ya kupanga njia ukiwa mbali, wala si ya kutafuta upenyo ukiwa karibu. Shauri la mamlaka ya anga ya Marekani ni kukaa umbali wa maili 20 au zaidi kutoka dhoruba kali. Mwenye kifaa cha bei kubwa na mwenye kifaa cha bei ndogo wanapata picha ileile kutoka mnara uleule. Pesa nyingi hazinunui mvua mpya zaidi.

Upande wa ndege nyingine nao una tundu. Kipokezi kinasikia zile zinazojitangaza tu. Marekani minara inajaza pengo: inachukua ndege zilizoonekana kwa rada na kuzitangaza tena. Lakini inafanya hivyo kwa ajili ya ndege ambayo yenyewe inajitangaza, ndani ya duara la maili 15 za baharini kuizunguka na futi 3,500 juu na chini yake. Anayebeba kipokezi peke yake, bila chombo cha kujitangaza, anaona picha yenye mapengo na hajui mapengo yako wapi. Macho nje ya kioo yanabaki kuwa chombo cha kwanza.

Kuchagua kwa anayeruka Marekani

Kwa rubani wa huko, swali la kwanza si kipokezi bali programu anayoitumia kwenye tableti. Sentry, iliyotengenezwa na uAvionix, imeungwa na programu ya ForeFlight. Vile vya Garmin vinafuata Garmin Pilot, na ForeFlight pia inavipokea: GDL 50 inasikiliza ADS-B, GDL 51 inasikiliza SiriusXM, na GDL 52 inasikiliza vyote viwili. Stratus 3 ya Appareo inakubali programu mbalimbali. Kununua kifaa kisichosemezana na programu yako ni kununua jiwe la kuzuia karatasi.

Pili, hakikisha kinasikia masafa yote mawili. Tatu, angalia betri. Sentry inakaa hadi saa 12. Ndugu yake mdogo, Sentry Mini, hana betri kabisa na lazima achomekwe kwenye umeme wa ndege. Bei zinaanzia dola mia chache na kupita elfu moja.

Wafundi wa mikono wana Stratux, kifaa cha kujiundia kwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na vipokezi vya redio vya bei ndogo, na programu yake ni ya bure kwa kila mtu. Kinafanya kazi, ila ukiwa mbali na duka la vipuri unahitaji mtu mwenye subira na chuma cha kulehemu.

Sentry ina pia kionyo cha hewa ya sumu, kaboni monoksidi. Katika ndege za injini ya pistoni, bomba la moshi likipasuka hewa hiyo inaweza kuingia chumbani, nayo haina harufu. Ni sehemu ndogo ya kifaa, na mimi ningeilipia kabla ya rangi zote za ramani. Vifaa vingi vina vilevile kipima mlalo wa ndege, ambacho kinaweza kumsaidia rubani ikiwa vyombo vyake vimekufa. Hakikuthibitishwa kwa kazi hiyo. Hakimpi mtu ruhusa ya kuingia mawinguni kwa makusudi.

Kikiletwa Bunia au Bukavu

Sasa leta kifaa hichohicho huku kwetu. Kikiwashwa, kinatafuta megahazi 978 na hakisikii chochote, kwa sababu minara hiyo haipo Kongo. Hakuna picha ya mvua. Si kwamba kimeharibika. Hata Uingereza hali inafanana na hiyo: huko marubani wananunua zaidi vifaa kama SkyEcho 2, vinavyosikiliza na pia kujitangaza kwenye megahazi 1090, na tangu 2020 mamlaka ya anga ya nchi hiyo iliwasaidia kulipa sehemu ya bei. Kifaa kinachojitangaza ni redio inayotoa mawimbi, kwa hiyo hapa kwetu lazima mamlaka ya usafiri wa anga, AAC, iulizwe kwanza.

Kinachobaki kwa kipokezi chetu ni megahazi 1090. Hapo kitaonyesha ndege kubwa zinazopita na zile zinazojitangaza. Ndege ndogo ya zamani isiyo na chombo hicho, au ile iliyozima chake, haitaonekana. Na kwa kuwa ADS-B yote inasimama juu ya GPS, pale GPS inapovurugwa, jambo linalotokea kwenye maeneo ya vita, alama kwenye tableti inaweza kukaa mahali pasipo kweli. Kwa hiyo marubani wetu wanaendelea kutangaza kwa sauti kwenye redio: niko wapi, kimo gani, naelekea wapi. Utaratibu huo ni wa zamani na haujapata mrithi.

Hali ya hewa ya huku nayo si ya mchezo. Uchunguzi wa radi kutoka setelaiti, uliochapishwa 2016, uliweka Kabare, Kivu Kusini, mahali pa kwanza Afrika na pa pili duniani baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela: miali kama 205 kwa mwaka juu ya kila kilomita moja ya mraba. Uwanja wa Kavumu, unaohudumia Bukavu, uko katika teritware hiyo ya Kabare. Hapo rubani anahitaji habari za mvua kuliko wenzake wengi, na kifaa cha Marekani hakimpi.

Anachokitumia badala yake ni cha namna nyingine. Setelaiti za Ulaya za Meteosat zinaitazama Afrika yote. Kizazi chake cha pili kinatoa picha mpya kila dakika 15, na kipya zaidi kila dakika 10. Picha hizo zinapatikana kwenye intaneti kabla ya kuruka. Zinaonyesha sehemu za juu za mawingu, si mvua iliyo chini yake, lakini wingu refu la radi linajitambulisha. Angani, kifaa kama inReach cha Garmin, kinachopitia setelaiti za Iridium, kinapeleka na kupokea ujumbe mfupi hata juu ya msitu usio na mtandao wa simu, na kinaacha alama ya njia ya ndege kwa wanaoifuata kutoka ofisini. Kina ada ya kila mwezi, na mfadhili aelezwe hilo tangu mwanzo, maana kifaa kisicholipiwa mwaka wa pili ni mzigo tu.

Joto pia lihesabiwe. iPad imetengenezwa kwa kazi kati ya nyuzi 0 na 35. Ndege iliyoegeshwa juani inapita hapo kwa urahisi, na tableti inajizima wakati injini inawashwa. Na kifaa chenye antena kwenye mizigo kinavuta maswali barabarani na uwanjani, kwa hiyo risiti na barua ya shirika vitembee nacho.

Kwa hiyo, rafiki akiuliza, mwambieni kwanza amwulize rubani au ofisi ya ndege inayowahudumia, kama MAF pale Bunia, watumie programu gani na nini kinawapungukia. Mara nyingi jibu litakuwa ada ya ujumbe wa setelaiti, betri au tableti ya akiba, si kipokezi.

Halafu kuna mtu wa kiwanjani: mwuguzi, mwalimu au mchungaji ambaye rubani anampigia saa kumi na mbili asubuhi, kabla mawingu ya mchana hayajajengeka. Kwenye viwanja vingi vyetu huyo ndiye habari pekee ya hali ya hewa iliyopo. "Hali ni nzuri" haimsaidii rubani kitu. Amwambie ni kilima gani anakiona na kipi kimefunikwa, na kiko mbali kiasi gani. Kitambaa cha upepo kinaelekea wapi. Mvua ilinyesha lini mara ya mwisho, na maji yamesimama upande gani wa kiwanja. Majani yamefika kwenye kifundo cha mguu au kwenye goti. Ng'ombe na mbuzi wameondolewa na nani anawazuia. Na hali ikibadilika ndege ikiwa imekwisha kuondoka, atume ujumbe mara moja, hata kama mgonjwa wake mwenyewe ndiye aliye juu ya kipoyi.