Michembe na wenzake: historia ya kuanika Usukumani

Anayefika Shinyanga au Geita akitaka kuonja chakula cha asili huelekezwa bila kusita: michembe, matobolwa, nsansa, ugali wa udaga, maziwa mgando yaliyosukwa kwenye kibuyu. Ushauri huo ni mzuri, lakini mwanahistoria ataguna. Viazi vitamu vinavyotoa michembe na matobolwa vilitoka Amerika. Mihogo ya udaga ilitoka huko huko, na karanga za kuungia nsansa pia. Wakongwe halisi wa Afrika ni mtama, uwele na kunde, na wawili wa mwanzo ndio waliopungua zaidi sahanini. Mimi naona tunatafuta ukongwe mahali pasipo pake. Mazao yamebadilika mara kadhaa Usukumani. Kilichodumu ni kuanika.

Sababu iko angani. Mvua za Shinyanga huanza kuelekea mwisho wa mwaka na kukoma kama Aprili au Mei, halafu hufuata miezi mingi ya jua kali. Kaya isiyojua kukivusha chakula kiangazi ingekufa njaa hata baada ya mavuno mema. Basi viazi vibichi humenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa: hiyo ndiyo michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vianikwe, vinakuwa matobolwa, ambayo hutafunwa hivyo hivyo, matamu na magumu kiasi cha kuyatesa meno mabovu. Majani ya kunde yakikaushwa huwa nsansa, mboga inayongoja karanga tu. Hata majabali ya Usukuma, ambayo mgeni huyaona kama mapambo ya mandhari, ni viwanja vya kuanikia: hushika joto na hayana tope.

Mtama haukushindwa na mahindi kwa ladha. Kweleakwelea huushambulia ukiwa wazi kwenye suke, ilhali hindi limefungwa ndani ya maganda yake. Kuwafukuza ndege hao kulikuwa kazi ya watoto, na Tanzania ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977, walinzi wengi wa shamba walihamia darasani. Kabla ya hapo serikali ya Waingereza ilikuwa imewabana wakulima kwa sheria ndogo walime mihogo na viazi kama akiba ya njaa, maana nzige hawali kilichomo ardhini. Migodi nayo ilisukuma upande wa mahindi. Dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi 1966, ikarudiwa kwa mgodi mkubwa uliofunguliwa mwaka 2000. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Penye vibarua wengi, unga wa mahindi ni rahisi kununua, kupima na kugawa. Mtama ulibaki na ngome moja imara, kinywaji: togwa na pombe za kienyeji hutaka kimea, nacho ni nafaka iliyooteshwa kisha, kwa mara nyingine, ikaanikwa.

Wapo watakaosema zao la kigeni haliwezi kuzaa chakula cha asili. Wakumbuke Hawaii, ambako viazi vitamu, vyenye asili ya Amerika Kusini, vililimwa kabla James Cook hajatia nanga mwaka 1778, na hakuna anayewakatalia Wahawaii chakula chao. Pingamizi zito zaidi ni la wenyeji wenyewe: kwamba michembe ni chakula cha njaa na cha maskini, na mwenye pesa za dhahabu hula wali. Ni kweli ilikuwa kinga ya njaa. Lakini nyama na samaki wa kukaushwa wana historia hiyo hiyo, na hakuna anayeona haya kuwala. Jua nalo lina gharama yake, kwani hupunguza vitamini A ya majani; ndiyo maana wataalamu wa lishe hushauri mboga zikaushwe kivulini.

Anayetaka kuonja ajipange kwa majira. Matobolwa mapya hupatikana kiangazi, baada ya viazi kuvunwa. Michembe ina maana yake kamili mwezi Januari, wakati mahindi ya shambani bado mabichi: huchemshwa taratibu mpaka ilainike, ikaliwa na karanga zilizotwangwa au maziwa mgando.