Malumbano, Majigambo na Suala la Asili: Nyashinski katika Historia ya Rapu ya Kenya

Uhakiki wa fasihi simulizi nchini Kenya una desturi ya kumweka fanani katika jamii ya lugha yake. Desturi hiyo inamfaa mpiga obokano, zeze la nyuzi nane la Abagusii, anayetunga kwa Ekegusii mbele ya hadhira inayoelewa mafumbo yake. Hata hivyo, inatatizika inapomkabili Nyashinski. Jina lake la kuzaliwa, Nyamari Ongegu, lina asili ya Abagusii wa Kisii na Nyamira, na jina lake la jukwaani linaanza kwa silabi ileile. Lakini nyimbo zilizompa umaarufu ni za Kiswahili, Sheng na Kiingereza. Makala haya yanadai kwamba nafasi yake inaeleweka vyema zaidi kupitia historia ya ushindani katika rapu yenyewe.

Ushindani wa maneno si jambo geni katika Kiswahili. Mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji aliitetea Mombasa kwa tungo zilizowalenga wapinzani wa mji huo, nao walijibu kwa tungo. Msingi wa malumbano hayo ulikuwa mji na utawala wake. Katika rapu ya Nairobi msingi ulibadilika ukawa mtaa na studio. Kalamashaka wa Dandora, waliovuma kwa "Tafsiri Hii" mwishoni mwa miaka ya 1990, waliifanya rapu kuwa sauti ya dhiki za mitaa. Ogopa DJs nao walikuza mtindo wa kuchezeka ulioitwa kapuka, na K-South wa Kariobangi South wakaukejeli katika "Kapuka This". Kundi la Kleptomaniax, yaani Nyashinski, Collo na Roba, lilikuwa upande wa Ogopa. Mgogoro ulihusu kazi ya sanaa: je, iamshe au iburudishe? Kabila la msanii halikuwa hoja.

Baada ya Kleptomaniax kunyamaza, Nyashinski aliishi Marekani kwa takriban mwongo mmoja, na huko aliwahi kuendesha malori. Alirejea na "Now You Know" mwaka 2016, kisha "Malaika" mwaka 2017 na albamu ya *Lucky You* mwaka 2020. Wimbo huo wa kwanza ni majigambo kuliko malumbano. Katika malumbano, mshindani hujulikana na jibu hutarajiwa; katika majigambo, nafsineni hujitukuza na kuwaacha wasikilizaji waamue nani ameguswa. Hata hivyo, majigambo ya jadi huegemea nasaba: mjigambi hutaja ukoo wake kabla ya matendo yake. Nyashinski anaegemea utangulizi wake katika fani. Kizazi cha Kleptomaniax kimechukua nafasi ya ukoo.

Pengine itasemwa kwamba rapu haikuwa na nafasi kwa lugha za kienyeji. Historia inakanusha dai hilo. Poxi Presha alirapu kwa Dholuo, na "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji, iliyochanganya Dholuo na Kiingereza, iligeuka wimbo wa kampeni za NARC mwaka 2002. Kwa hiyo kutosikika kwa Ekegusii katika nyimbo kuu za Nyashinski ni matokeo ya uteuzi wa hadhira. Fani yenyewe haikukilazimisha kimya hicho.

Uteuzi huo una faida na hasara. Umemwezesha msanii mwenye asili ya Kigusii kushindana bila kuitwa mwakilishi wa kabila, jambo lisilo dogo katika nchi ambayo jina la mtu husomwa kama kura yake. Lakini umeiacha lugha ya obokano nje ya uwanja ambamo vijana wa Kisii na Nyamira, kama wenzao kote nchini, hujifunza ufundi wa kutamba. Mhakiki anayemhesabu Nyashinski kuwa fanani wa Abagusii kwa sababu ya jina tu anaipuuza kazi yake. Anayemhesabu kuwa wa Nairobi tu anaifuta hasara hiyo katika kumbukumbu. Historia ya fasihi inapaswa kuyaandika yote mawili.